Mawe ya Mwanza hayakurushwa na volkano

Nitalisema tena, na walionisikia mwaka jana wanivumilie: mawe ya Mwanza hayakurushwa na volkano. Juzi tu nilisimama ufukweni mwa Ziwa Victoria mbele ya Jiwe la Bismarck, lile lililobebwa na mawe mengine majini, kijana anawaeleza wageni kwamba mlima ulilipuka, mawe yakaja kutua ziwani. Mlima upi huo? Uko wapi?

Hebu pokeeni kipande hiki, mpitishiane. Tazameni palipovunjika. Punje za rangi ya waridi ni feldspa, zinazofanana na vipande vya chupa ni kwatzi, vile vyeusi vinavyometameta ni ulanga. Mnaziona kwa macho matupu. Zaha, yaani mwamba ulioyeyuka, inayomwagika juu ya ardhi hupoa upesi, punje zake hazipati muda wa kukua hivi. Jiwe hili ni itale, Waingereza huiita granite; ilipoa pole pole, kilomita kadhaa chini, kiasi cha miaka bilioni 2.6 iliyopita. Kilimanjaro haijafikisha miaka milioni 3. Ziwa lenyewe halina hata milioni 1.

Najua mtakaloniuliza: kama jiwe lilizaliwa chini, mbona liko juu, tena mawe yamebebana utadhani kuna mtu aliyapanga? Yaliyolifunika yalimomonyoka, mamilioni kwa mamilioni ya miaka. Mwamba ulipopungukiwa na mzigo ukapasuka, nyufa za wima na za ulalo, mfano wa matofali. Maji ya mvua yakapenya humo, yakaigeuza feldspa kuwa udongo wa mfinyanzi. Sasa kona ya tofali huliwa kutoka pande tatu, ubavu huliwa kutoka upande mmoja tu. Kona zikatangulia kuoza. Kipande cha sabuni bafuni kwako hufanya vivyo hivyo. Kwa hiyo jiwe lilipata uviringo wake palepale, lingali limefukiwa, halikubingirika popote! Baadaye mvua zikausomba ule udongo, viini vikabaki vimekaliana. Asiyeamini aende mahali barabara ilipokata kilima. Atayakuta mawe ya mviringo bado yamekwama ndani ya mwamba uliooza, anaouchokonoa kwa kidole ukamwagika changarawe.

Nalikazania hili kwa sababu jiwe linalodhaniwa ni masalia ya mlipuko, hakuna anayeona uchungu kuliwashia moto, kulimwagia maji likapasuka, na kulifanya kokoto. Simlaumu mama anayeponda kokoto watoto wapate kula. Itale ipo tele. Lakini yale yaliyobebana, tukishayabomoa, hakuna fundi wa kuyarudisha.

Muda umenibana, haya mengine mbio mbio. Bila maji hatungekuwa na itale: basalti, yaani mwamba mweusi wa zaha iliyoganda, ikiloa, ikifukiwa na kupata joto, huyeyuka sehemu yake tu, na kinachoyeyuka ni chepesi, hupanda. Ndiyo maana mabara yamekaa juu kuliko sakafu ya bahari. Itale yetu ilijipenyeza katika miamba ya kijani iliyoitangulia, ile yenye dhahabu ya Geita. Kitalu chote, yaani pande zima hili la miamba ya kale, kikawa kigumu kiasi kwamba Bonde la Ufa lilipofika likagawanyika, mkono mmoja mashariki, mwingine magharibi kupitia Ziwa Tanganyika. Na mizizi yake huko chini ni minene. Almasi za Mwadui, zilizogunduliwa 1940, zilitoka huko.

Wanaokuja ziarani kesho, tunaanzia pale barabara ilipokata kilima, saa 1 asubuhi. Vaeni viatu visivyoteleza.