Funguo za jina lako anazo nani?

Asanteni. Sogeeni mbele jamani, viti vipo, mbona mmejibana nyuma kama mko msibani? Wengine mmeshanisikia nikilisema hili Moshi, wengine hapa hapa Arusha, na leo nalirudia kwa sababu magari yenu ya kubebea watalii nimeyaona hapo nje. Kila Land Cruiser ina anwani ya tovuti kwenye kifuniko cha tairi la spea. Hilo jina ni la nani?

Naona mzee ananyoosha kidole kifuani: "Langu, nimelinunua." Hujalinunua, mzee wangu, umelikodi. Jina la intaneti linakodiwa, mwaka mmoja hadi kumi, na kodi ikiisha hulipi, anapewa mwingine. Mambo haya kwenye viwanja mnayajua vizuri sana. Nani hapa angekubali hati ya kiwanja chake cha Njiro iandikwe jina la fundi aliyemjengea? Hakuna. Lakini jina la kampuni, linaloleta wageni wote, mmemwachia kijana wa kompyuta.

Kuna mama mmoja, simtaji, yumo kwenye biashara hii hii yenu. Alianza na gari moja la kukodi. Kijana akamtengenezea tovuti nzuri tu, akamsajilia jina la .com. Akaunti ya kijana, barua pepe ya kijana, kadi ya kijana. Hakuwa mwizi, tuelewane hapo, siku ile ndiyo njia iliyokuwa rahisi. Miaka ikapita, kijana akapata kazi Mwanza, kadi ikaisha muda, barua pepe ile akaacha kuifungua. Msajili, yaani kampuni inayokodisha majina, akawa anatuma vikumbusho humo, kimoja baada ya kingine.

Julai, msimu umepamba moto, tovuti ikazimika. Mama akadhani bando limekwisha! Akanunua lingine. Kumbe jina likifa, barua pepe zote zilizojengwa juu yake zinakufa nalo. Wageni wawili, mume na mke, watu wazima, walikuwa wamebadilishiwa ndege wakaandika kumjulisha. Barua haikuwa na mlango wa kuingilia. Wakatua KIA usiku, hakuna aliyeshika bango. Wakakaa kwenye benchi na karatasi yao waliyochapa nyumbani, wanajaribu anwani iliyoandikwa juu, haifunguki. Dereva teksi ndiye aliyewahurumia akawaleta mjini.

Mtasema kwani halikombolewi? Linakombolewa. Kwa .com, msajili akishalifuta, kuna siku 30 za kulikomboa, kwa ada inayouma, kisha siku 5 za kusubiri, kisha linaachiwa huru na kuna watu kazi yao ni kuyadaka. Mama alimpata kijana siku zote hizo zimeshapita. Leo ukilifungua jina lile unakutana na kamari. Akachapisha stika za jina jipya, akabandika juu ya la zamani. Sasa stika na vumbi la Ngorongoro mnavijua. Juzi nimepishana na gari lake pale Mnara wa Saa, pembe ya stika imebanduka, jina la zamani linachungulia.

Najua wanafunzi huko nyuma wananong'ona: "Mzee, tatizo ni mfumo wa bwana mmoja juu. Tuhamie blokucheni, daftari la pamoja lisilo na mwenyewe mmoja." Nilikuwa nawasubiri.

Mfumo wenyewe wa majina ni kama kumtafuta mtu mtaa usioujua. Ofisi ya kata haijui nyumba yake, inakuelekeza kwa mwenyekiti wa mtaa, naye anakuelekeza kwa balozi, balozi ndiye anayekuonyesha mlango. Kompyuta inauliza mzizi, yaani seva za juu kabisa, mzizi unasema nenda kwa wenye .tz, nao wanaielekeza mpaka seva yako. Zamani hapakuwa na ngazi hizo. Lilikuwepo faili moja la majina yote, likitunzwa kwenye taasisi ya utafiti ya SRI kule California na ofisi ya Elizabeth Feinler, na kila mashine mpya iliandikwa humo. Mwaka 1983 mtaalamu wa kompyuta, Paul Mockapetris, akaja na mpango wa kugawana kazi. Kwa hiyo mfumo huu mnaoulaumu ulizaliwa kupunguza mzigo wa kituo kimoja.

Ila juu kabisa pana mlango mmoja, hilo siwabishii. Januari 1998 Jon Postel, Mmarekani aliyekuwa akisimamia majina na namba za intaneti, aliandika barua pepe moja tu, akawaomba waendeshaji wa seva nane za mzizi wachukue nakala yao kwake. Wakafanya! Barua pepe moja. Baadaye akasema lilikuwa jaribio, mambo yakarudishwa, na mwaka huo huo ICANN, shirika linalosimamia majina ya intaneti duniani, ikaundwa. Marekani iliendelea kuisimamia kwa mkataba mpaka Oktoba 2016. Na 2022 Ukraine ilipoomba .ru, ya Urusi, iondolewe, ICANN ilikataa. Mimi nilipumua, maana leo akiondolewa huyu, kesho zamu ya nani?

Haya, blokucheni. Namecoin, mfumo wa majina wa blokucheni, ipo tangu 2011, na jina lake usipolihuisha linaisha baada ya matofali 36,000, yaani kurasa za daftari hilo, kama miezi minane hivi. Hata mwaka haufiki! Majina ya .eth, ya blokucheni ya Ethereum, nayo ni ya kulipia kila mwaka. Kodi iko pale pale, ila ukipoteza ufunguo wako, nani utampigia? Mama yule angalau alikuwa na wa kumlilia. Halafu mgeni wako akiandika .eth kwenye kivinjari cha kawaida, mara nyingi hafiki popote.

Mfumo ninaoupenda ni ule wa GNU, mradi wa programu huru, wa majina ambayo kila mtu anayaweka mwenyewe, kama unavyohifadhi "Fundi Bomba Kijenge" kwenye simu. Hakuna serikali wala kampuni ya kukufutia hilo. Lakini kwenye simu ya jirani yako jina hilo ni la fundi mwingine, kwa hiyo huwezi kulipaka kwenye tairi la spea. Lilikuwa na mchoro wake hili, tuuache, naona mwenyekiti ananionyesha saa.

Kuhusu .tz, haraka. Lipo hata .hotel.tz, wenye hoteli mnalala tu. TCRA, mamlaka ya mawasiliano inayosimamia .tz, iko hapa nchini, ukidhulumiwa unajua ofisi ya kwenda. Ndiyo, na wao pia wanajua wapi watakupata. Mwaka 2016 kuna mtu alifikishwa mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, na shtaka mojawapo ni kuendesha tovuti isiyo na jina la .tz. Pimeni wenyewe.

Usiku wa leo, kabla ya kulala, jaribu kuingia kwenye akaunti ya msajili wako. Kama huna nywila, au hata humjui msajili, mpigie yule kijana. Mwulize ya nyumbani kwanza, msifie mtoto. Usianze na ugomvi, maana funguo bado anazo yeye.