Sugu za Miguu: Tukamateni Kiatu Kwanza

Asante mama mwenyekiti, na ninyi mliofunga maduka mapema. Nimeombwa niseme juu ya sugu za miguu, na naona wengine mmeshaficha vidole chini ya viti. Vitoeni tu, hapa hatuchekani.

Sugu ni ngozi inayojihami. Panaposuguliwa au kukandamizwa kila siku, ngozi hutengeneza seli haraka kuliko zinavyopukutika, ikawa nene. Ndiyo maana mkulima anazo viganjani, na mwenye kuswali sana huota moja kwenye kifundo cha mguu wa kushoto, ule anaoukalia.

Mwaka 2019 watafiti, akiwamo Daniel Lieberman wa Chuo Kikuu cha Harvard, walichapisha katika jarida la Nature vipimo vya nyayo za watu wa magharibi mwa Kenya na wa Boston, Marekani. Wanaotembea peku walikuwa na sugu nene zaidi, lakini hisia za nyayo zao hazikupungua. Sugu iliyotandaa hivyo haina ugomvi na mtu.

Ugomvi huanza uzito unapolemea mahali padogo. Hapo ngozi hujenga kiini kigumu chenye ncha inayotazama ndani, na kila ukikanyaga kinachoma. Juu ya kidole cha mwisho huwa kikavu. Katikati ya vidole, penye jasho, hulainika na kuwa cheupe, watu wakanunua dawa ya fangasi bure.

Mkosaji mara nyingi ni kiatu. Kisigino kirefu husukuma uzito mwingi mbele. Kiatu cha mtumba, nacho, kimeshashika umbo la mguu wa mwenyewe wa kwanza. Leo jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo kwa kusimama dukani, kanyaga karatasi, uchore, ukate ule mchoro, kisha uutumbukize kiatuni. Pale mchoro unapojikunja, linganisha na sugu yako ilipo.

Naam, mama pale nyuma? Wembe? Hapana. Utachonga leo, na kiatu kitaiotesha tena. Loweka mguu kwenye maji ya vuguvugu, sugua taratibu kwa jiwe, paka mafuta.

Ila mwenye kisukari asijaribu hata hilo jiwe, wala zile plasta zenye asidi. Miguu yake inaweza kuwa na ganzi, na chini ya sugu kukawa na kidonda asichokisikia. Siku ya kliniki, avue viatu, aonyeshe nyayo.