Namba Iliyo Juu ya Mpini

Ndugu zangu wa Nyeri, asanteni kwa kufika. Swali linalonijia mara nyingi kuliko yote ni hili: nikitaka kuanza kuvua kwa nzi bandia, yaani ndoana iliyofungwa nyuzi na manyoya ifanane na mdudu, ninunue fimbo namba ngapi? Nitalijibu, lakini kwanza tuelewane namba hiyo inapima nini, maana wengi huambiwa dukani kwamba ni nguvu ya fimbo, au ukubwa wa samaki. Sivyo. Inaonyesha uzito wa mshipi ambao fimbo hiyo imetengenezewa.

Anayevua kwa mshipi wa kawaida anajua kwamba chubwi ndiyo inayouvuta mshipi uende mbali. Nzi wetu wa nyuzi na manyoya hana uzito wa maana. Mrushe kwa mkono, ataanguka miguuni pako. Kwa hiyo kinachorushwa hapa ni mshipi wenyewe. Ni mnene, umepakwa plastiki, na ukinyooka hewani nyuma yako huikunja fimbo. Fimbo ikijinyoosha huusukuma mbele, na nzi hufuata. Mshipi ukiwa mwepesi mno, fimbo haikunjiki, na mkono hausikii kitu. Ukiwa mzito mno, fimbo inalemewa na mshipi unakuangukia mabegani. Anayeanza hudhani hajui kurusha, kumbe vifaa vyake havipatani!

Mwaka 1961 watengenezaji wa vifaa vya uvuvi Marekani walikubaliana kipimo kimoja: uzito wa futi 30 za mwanzo za mshipi. Namba 3 ni kama gramu 6.5, namba 5 gramu 9, namba 8 gramu 13.6.

Hebu pitishianeni fimbo hii. Juu kidogo ya mpini pameandikwa 905-4. Tisa na sufuri ni futi 9 kamili, 5 ni namba ya mshipi, 4 ni idadi ya vipande. Kwenye boksi la mshipi mtaona WF5F: WF ni mshipi wenye uzito mwingi sehemu ya mbele, F ya mwisho ni mshipi unaoelea. Namba ya hapa na ya pale zilingane, basi.

Jibu langu kwa anayeanza hapa kwetu ni namba 5, futi 9. Samaki aina ya trauti wamo katika mito yetu tangu mlowezi Ewart Grogan alipowaleta mto Gura mwaka 1905, na fimbo hii inawatosha. Inabeba nzi mdogo anayeelea, inabeba na yule mwenye ushanga wa chuma anayezama, na upepo wa juu kule Aberdare hauisumbui sana. Najua wapo watakaowasifia namba 3, hasa kwa vijito vya msituni, matawi yakiwa yamefunga juu ya maji. Ni kweli inapendeza, na pale fimbo fupi ya futi saba na nusu ina faida. Lakini mshipi mwepesi unahitaji mkono uliokwisha kuzoea. Isiwe ya kwanza.

Pwani ni habari nyingine. Watamu na Kilifi mnamtafuta samaki wa baharini aitwaye kolekole, nzi ni wakubwa, na upepo wa kusi unavuma usoni. Anzeni na namba 8 au 9. Kolekole wakubwa na sulisuli wanataka 12. Msitafute fimbo ya katikati, namba 6 au 7, mkidhani itafaa huku na kule. Mtoni itakuwa nzito, baharini itashindwa. Chagueni maji mtakayoyafikia mara nyingi, mnunue kwa ajili ya hayo.

Kama fedha ni chache, punguzeni kwenye fimbo, msipunguze kwenye mshipi. Mshipi mbovu huiharibu hata fimbo ya bei kali. Gurudumu la kukunjia mshipi kwa trauti ni la kuhifadhia tu, la bei nafuu linatosha. Kwa kolekole breki yake lazima iwe ya kuaminika, na mkirudi liosheni kwa maji baridi yasiyo na chumvi.

Sasa tutoke nje, twende uwanjani tujaribu kurusha. Nimefunga vipande vya sufi mahali pa ndoana. Hata hivyo mwenye miwani aivae, na wengine wasimame upande wa kushoto wa anayerusha.