Ruhusa ya Kugusa

Walimu wenzangu, wazazi, wanafunzi na wageni wote mliofika, nawashukuru kwa kuja mchana wa jua kali kama huu. Nimeombwa nizungumzie vituo vya sayansi na maonyesho ya hadhara, na namna yanavyoweza kuwavuta watu wa Dodoma waione sayansi kuwa ni mali yao. Nitaanza na kisa ambacho wengi wenu mmekisikia juujuu, kwa sababu ndani yake mna karibu kila ninachotaka kusema.

Mwaka 1963, nchi yetu ikiwa bado inaitwa Tanganyika, kijana Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba. Yeye na wenzake walikuwa na desturi ya kutengeneza aiskrimu: walichemsha maziwa, wakatia sukari, wakasubiri yapoe, kisha wakayaweka kwenye jokofu. Siku moja nafasi ya jokofu ikawa finyu. Mwenzake mmoja alichanganya sukari na maziwa ambayo hakuyachemsha, akawahi kuyaweka. Mpemba naye, kwa kuogopa kukosa nafasi, akaweka ya kwake yangali moto. Aliporudi baada ya saa moja na nusu alikuta ya kwake yameganda, na ya mwenzake bado ni uji mzito.

Alimwuliza mwalimu wake sababu, akaambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, alipokwenda kusoma Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, na safari hii akajibiwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Wenzake wakaligeuza jibu hilo kuwa utani wa kumchoma kila alipokosea darasani. Angeweza kunyamaza, na sidhani kama yupo ambaye angemlaumu. Lakini siku moja aliukuta mlango wa maabara ya baiolojia uko wazi, akachukua bika mbili, yaani vikombe vya kioo vya maabara, moja akaitia maji ya bomba na nyingine maji yaliyochemka, akaziweka kwenye jokofu, na baada ya saa moja akakuta barafu nyingi zaidi katika ile iliyoanza na maji ya moto. Kwa hiyo mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, Dkt. Denis Osborne, alipofika shuleni kuzungumza na wanafunzi, Mpemba alisimama na swali lake akiwa na ushahidi wa macho yake mwenyewe. Wanafunzi walicheka. Osborne hakucheka. Alirudi Dar es Salaam, akamwagiza fundi wake wa maabara ajaribu, na fundi alileta taarifa kwamba kweli maji ya moto yameganda kwanza, ila akaahidi kuendelea kurudia jaribio hadi apate jibu sahihi! Mwaka 1969 Osborne na Mpemba walichapisha kwa pamoja makala yao katika jarida la elimu ya fizikia, na tangu hapo jambo hilo linaitwa kwa jina la Mpemba duniani kote.

Wapo watafiti ambao mpaka leo hawajaridhika. Mwaka 2016 ilichapishwa kazi iliyopima upya jambo hili na kuhoji kama lipo kweli, au kama tunadanganywa na mahali tunapoweka kipimajoto. Mimi silioni hilo kuwa pigo kwa Mpemba. Swali lililoulizwa Iringa na mwanafunzi wa sekondari bado linawatoa jasho wanafizikia wenye maabara za mamilioni, na mtoto wa Dodoma mwenye jokofu na vikombe viwili anaweza kuliingia leo hii.

Sasa tafakarini ule mlango. Kijana huyu alikuwa na akili na ukaidi mwema, lakini akili na ukaidi vingebaki kuwa utani wa darasani kama asingepata jokofu, bika mbili, na saa moja ya kutosumbuliwa. Ndiyo maana nikiulizwa kituo cha sayansi ni kitu gani, jibu langu ni hili: ni ile maabara ya baiolojia, imeachwa wazi kwa makusudi, kwa kila mtu, na hakuna anayeandikwa jina kwa kuingia.

Mwaka huohuo wa 1969, mjini San Francisco, Marekani, mwanafizikia Frank Oppenheimer alifungua kituo kiitwacho Exploratorium. Oppenheimer alilazimika kuacha kazi ya chuo kikuu mwaka 1949 kwa sababu za kisiasa, akawa mfugaji wa ng'ombe huko Colorado kwa takribani miaka 10, kisha akafundisha sayansi katika sekondari ya mji mdogo wa Pagosa Springs. Nawatajia ng'ombe kwa sababu nafikiri kazi ile ilimfunza jambo: mfugaji hujifunza kwa kushika, kunusa na kukosea, na hakuna anayempa mtihani. Alipojenga kituo chake aliweka vifaa ambavyo mgeni anavizungusha, anavipulizia na kuviangusha kwa mikono yake. Karakana ya mafundi ikawa ndani ya ukumbi uleule ili watu waone vifaa vinavyotengenezwa na vinavyokarabatiwa. Vijana wa sekondari wakaajiriwa kusimama karibu na wageni na kuzungumza nao. Alikuwa akisema kwamba hakuna mtu anayefeli makumbusho. Kisha yeye na wenzake wakachapisha vitabu vya maelekezo ya kutengeneza vifaa vyao, kama vile vitabu vya mapishi, ili yeyote duniani avitengeneze kwao.

Hapa kwetu hatuanzii sifuri. Mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, ambayo wengi tunayajua kwa jina la MAKISATU, yalianza mwaka 2019 na yamefanyika hapahapa Dodoma. Nzuguni tuna viwanja vya Nanenane ambavyo kila Agosti hujaa watu waliokuja kwa hiari yao. Na Tanga tayari ipo bustani ya sayansi ambako watoto huchezea vifaa kwa mikono. Watu wanakuja. Kinachonisumbua ni wanachokikuta wakishafika.

Miaka michache iliyopita nilikuwa mwamuzi katika maonyesho ya shule, ambayo sitayataja. Meza zilipangwa vizuri, vitambaa vyeupe, mabango ya rangi, na karibu kila kifaa kilikuwa na karatasi iliyoandikwa "Usiguse". Nikasimama mbele ya kijana mmoja aliyetengeneza pampu ya maji kwa chupa za plastiki na mirija. Alikuwa ameficha mikono nyuma, akayakariri maelezo yake kwa Kiingereza kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kupumua. Nikamwuliza kwa Kiswahili, "Ukiliziba hili tundu la pembeni, nini kitatokea?" Akarudia sentensi ya tatu ya bango. Nikamwambia alizibe. Akatazama huku na huku kama anayetafuta idhini, akaweka kidole gumba juu ya tundu na kubonyeza chupa, na maji yakaruka juu yakamlowesha shati la shule kifuani. Akacheka kwa sauti, mara ya kwanza tangu nifike mezani kwake. Halafu, bila kuulizwa, akaanza kunieleza kuhusu kanieneo, kwamba maji yamekosa njia ya pembeni, kwamba nguvu yote sasa inapita kwenye mrija mmoja, na kwamba huenda pampu yake ingefika juu zaidi kama mrija ungekuwa mwembamba. Hayo ya mwisho hayakuwa kwenye bango.

Nataka tuzingatie mambo mawili katika tukio hilo. La kwanza ni ile karatasi ya "Usiguse", ambayo iliwekwa kwa nia njema, kwa kuwa vifaa ni haba na mwalimu anaogopa vitavunjika kabla mgeni rasmi hajapita. La pili ni lugha. Mtoto wetu husoma sayansi shule ya msingi kwa Kiswahili, akafahamu uvukizi, kanieneo na usanisinuru, kisha anapoingia kidato cha kwanza anakabidhiwa mambo yaleyale kwa Kiingereza, na kwa wengi hapo ndipo kukariri kunapoanza. Sera ya lugha shuleni ni mjadala wa ukumbi mwingine. Lakini kituo cha sayansi hakina mtihani wa taifa wa kukibana, kwa hiyo hakina sababu yoyote ya kutozungumza Kiswahili, na bibi akija na mjukuu wake, Kigogo pia.

Nimesema vifaa ni haba. Nikiri kwamba kwa muda mrefu nami niliamini kituo cha sayansi cha Dodoma kingehitaji kwanza jengo la mabilioni na vifaa vya kuagiza nje. Nilibadili mawazo kwa sababu ya kisanduku cha udongo.

Mnajua kwamba kwa miongo mingi mji huu umekunywa maji ya visima vya Makutupora. Mvua yetu ni takribani milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, tena kwa miezi michache, kisha kiangazi kirefu. Maji yaliyo chini ya Makutupora hujazwaje? Wataalamu walipima kina cha maji katika visima vile tangu miaka ya 1950, na uchambuzi wa rekodi hiyo ya miaka 55 ulichapishwa mwaka 2013. Ulionyesha kwamba hifadhi ile haijazwi kidogokidogo kila mwaka. Hujazwa zaidi na misimu michache ya mvua kubwa isiyo ya kawaida, kama ile ya El Niño ya 1997 na 1998, halafu hupungua taratibu kwa miaka mingi. Rekodi za namna hiyo ni adimu sana katika nchi za tropiki, nayo ni ya hapa petu, lakini ni wangapi kati yetu tumewahi kuiona ikielezwa mahali popote mjini?

Kwa hiyo niliomba fundi wa vioo anitengenezee masanduku mawili, kila moja na ukubwa wa tangi la kufugia samaki. Chini nikaweka kokoto, juu yake mchanga, juu kabisa udongo mwekundu wa shambani uliokauka. Pembeni nikasimamisha bomba jembamba linaloonyesha ndani, ndilo kisima. Sanduku la kwanza nililitilia glasi moja ya maji kila asubuhi kwa siku 10, nikaliacha juani. La pili nililitilia glasi 10 kwa mkupuo mmoja. Maji ni kiasi kilekile. Katika la kwanza udongo wa juu ulilowa asubuhi na kukauka jioni, na kisima hakikupata tone. Katika la pili watu waliona kupitia kioo mstari wa unyevu ukishuka, ukaingia mchangani, ukafika kwenye kokoto, kisha maji yakapanda ndani ya bomba.

Nililipeleka sanduku hilo kwenye mkutano wa kijiji wilayani Chamwino. Mama mmoja mtu mzima aliinama, akatazama kwa muda mrefu, akakigusa kioo kwa kidole, kisha akaniambia, "Mwanangu, kisanduku chako hakina korongo." Nikamwomba afafanue. Akasema kwamba kwao, kiangazi kikikolea, hawachimbi maji shambani, wanachimba kwenye mchanga wa korongo, kwa sababu mvua kubwa ikinyesha maji yote hukimbilia huko na huko ndiko yanakozama. Kwa hiyo nimwonyeshe korongo, la sivyo nisiseme kwamba ile ni Dodoma. Alikuwa sahihi kabisa. Tafiti za karibuni zaidi za Makutupora zinaonyesha vilevile kwamba sehemu kubwa ya maji huzama kupitia vitanda vya mito ya msimu. Mimi nilikuwa nimesoma, na bado nilitengeneza sanduku lisilo na korongo.

Vifaa vya namna hiyo tunavyo tele. Ilimba ya Wagogo, ile ala ya muziki yenye vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, ina vyuma ambavyo mpigaji havigusi, lakini vinaitika chuma kingine kikipigwa. Mwekee mtoto chembe ya karatasi juu ya chuma kisichopigwa, naye ataiona ikicheza. Zabibu zetu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na hamira iliyo kwenye ganda lake inaweza kuvimbisha puto lililofungwa mdomoni mwa chupa. Na mara nyingine anga lenyewe hutufanyia maonyesho bure. Tarehe 1 Septemba 2016, wakati maelfu ya watu wamekusanyika Rujewa, mkoani Mbeya, kutazama kupatwa kwa jua kwa umbo la pete, sisi tuliobaki Dodoma tulisimama chini ya mwembe, na madoa ya mwanga yanayopita kati ya majani, ambayo siku zote ni mviringo, yaligeuka yote kuwa hilali. Mwanafunzi mmoja aliuliza kwa nini siku nyingine ni mviringo, nikamweleza kwamba kila upenyo mdogo kati ya majani huchora chini picha ya jua lenyewe, na hapo akafahamu kwamba tangu azaliwe amekuwa akikanyaga picha za jua.

Ninachokiomba kwa mji huu basi ni kidogo kuliko jengo, ingawa jengo likija nitalipokea kwa mikono miwili. Naomba chumba kimoja, kisichofungwa maonyesho yakiisha, chenye meza kumi, fundi mmoja wa kukarabati, na vijana wanne wa kidato cha tano wanaolipwa posho ya kusimama pale Jumamosi. Fundi namtaja kwa kusisitiza, kwa sababu nimeona vifaa vingi vilivyotolewa msaada vikifia kabatini kwa kukosa balbu ya shilingi elfu mbili. Vitavunjika, kifaa ambacho hakijawahi kuvunjika huenda hakijawahi kuguswa.

Pale karibu na mlango kuna sanduku la tatu. Lina korongo katikati, limejazwa mchanga safi, na udongo wa pande zote mbili ni wa Chamwino. Halijawahi kutiliwa maji. Glasi 10 zimepangwa mezani, zimejaa, na kuna kipande cha chaki ili kila atakaye aandike kwenye kioo, kabla hatujaanza, anadhani maji yatapanda hadi wapi. Naomba vijana wawili waje wamimine, na ninyi wengine msogee upande wa kioo. Watoto wakae mbele.