Msimwambie Mgonjwa Apunguze Mawazo

Wazee wangu shikamooni, na nyinyi wauguzi habari za mchana. Wanaonifahamu wanajua nitaanzia wapi, maana kila nikipewa kipaza sauti naanzia hapohapo: "punguza mawazo." Mgonjwa ana saratani imeshasambaa, mgongo unamwaka moto, ndugu wanaingia mmoja mmoja, na kila mmoja anamwambia punguza mawazo, mawazo ndiyo yanayokumaliza. Neno hilo linaniuma. Linamfanya mgonjwa awe mshtakiwa kwa ugonjwa wake mwenyewe.

Tuiangalie homoni ambayo mwili humwaga mtu akiwa na msongo wa mawazo, kotisoli. Inatoka kwenye tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo kama kofia, na amri yake inatoka ubongoni. Kwa mtu mwenye afya, kotisoli hupanda alfajiri, ikafika kilele kama nusu saa baada ya kuamka, halafu huteremka mchana kutwa mpaka ikawa chini kabisa usiku wa manane. Huo mteremko ndio nataka muushike. Mwaka 2000 Sandra Sephton, David Spiegel na wenzao walichapisha utafiti uliofanyika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, kwa wanawake 104 wenye saratani ya matiti iliyosambaa. Waliwapima kotisoli kwenye mate, mara kadhaa kwa siku, kwa siku tatu. Wale ambao mteremko wao ulikuwa tambarare, yaani kotisoli yao haikushuka vizuri kufikia usiku, walifariki mapema zaidi.

Hapo wapo wanaorukia: "Si umeona? Mawazo yanaua!" Tulieni kwanza. Utafiti ule ulionyesha mambo mawili yanayokwenda pamoja. Kipi kinamvuta mwenzake haukusema. Mwili ukipambana na uvimbe humwaga saitokini, yaani kemikali ambazo chembe za kinga hupashana nazo habari, nazo huamsha ileile amri ya ubongoni, huku zikileta uchovu na kumfungia mgonjwa hamu ya kula. Maumivu nayo huiamsha. Kukesha vilevile. Sasa mgonjwa anayekesha kwa maumivu, ukimwambia apunguze mawazo, umemtibu nini?

Nilimtembelea mama mmoja Mbagala, saratani imeshaingia kwenye mifupa ya mgongo. Alikuwa halali kitandani. Alikaa kwenye mkeka, ameegemea ukuta, na kati ya kiuno na ukuta ameweka kanga mbili zilizokunjwa. Nikamuuliza, mama, usiku unakuwaje? Akanijibu, "Nausubiri tu mwanangu. Nikisikia makonda wanaita abiria, najua nimevuka." Mwanawe wa kiume akaniambia tatizo ni mawazo, tangu mumewe afariki. Nikaomba nione dawa. Chupa ya mofini ya maji, ile dawa kali ya maumivu, ilikuwa ndani ya mfuko, juu ya kabati, karibu imejaa. Imeandikwa kila baada ya saa nne. Kijana alikuwa akimpa asubuhi na saa moja jioni, basi. Aliogopa mama atakuwa teja, na aliogopa dawa kwisha. Hesabuni wenyewe: dozi ya saa moja inakuwa imeisha nguvu kwenye saa tano usiku. Kuanzia hapo mpaka alfajiri yule mama alikuwa peke yake na mfupa wake.

Tukampangia upya na daktari wake: kila saa nne, na dozi ya kulalia mara mbili, asiamshwe usiku. Niliporudi, binti yake alinipokea mlangoni akinong'ona. Mama amelala tangu saa tatu, alisema, nimeenda mara mbili kumwekea kiganja puani nione kama anapumua. Alikuwa anapumua vizuri. Na kifo cha mumewe kilikuwa palepale. Hakuna aliyemwondolea huzuni ile. Tulichomwondolea ni ule usiku.

Naona mkono kule nyuma, na swali nalijua: kama homoni ndiyo hiyo, si tupewe dawa ya kuizima? Hapana, jamani. Bila kotisoli presha inaanguka na sukari inashuka. Ni homoni ya kuishi. Tena deksamethasoni, dawa tunayowapa wagonjwa kuongeza hamu ya kula na kupunguza uvimbe, ni ya ukoo uleule. Kwa hiyo nawaomba wauguzi, mpeni asubuhi. Ukimpa jioni umemnyang'anya usingizi kwa mkono wako, kisha kesho utaandika kwenye faili "mgonjwa ana wasiwasi."

Wanaosema mofini inaharakisha kifo nimewajibu mara nyingi. Ikipimwa vizuri na kupandishwa taratibu, haifanyi hivyo. Ila ipeni pamoja na dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza, maana choo kigumu nacho ni mateso.

Nilitaka kusema juu ya kichefuchefu, na juu ya ndugu wanaouguza, ambao nao hawalali, lakini naonyeshwa saa. Basi leo jioni, mkifika kwa mgonjwa, msimuulize anawaza nini. Muulizeni jana alilala kuanzia saa ngapi mpaka saa ngapi, na kitu gani kilimwamsha. Halafu muiangalie chupa imepungua kiasi gani.