GPS ya Mkononi: Kuichagua, Kuipanga na Kwenda Nayo Mlimani

Karibuni watazamaji. Hapa mezani nina GPS mbili za mkononi, ramani moja ya karatasi, betri na waya wa USB. Tutaanza na ununuzi, tuingie kwenye mipangilio, kisha tutoke nje tukatafute kasha, yaani chombo ambacho mtu amekificha ili wengine wakitafute kwa GPS. Kama kifaa unacho tayari, ruka hadi pale ninapokunjua ramani, kwa maana hapo ndipo watu wanapopotea, tena wakiwa na kifaa cha bei mkononi.

Kwanza tuelewane. Ukiingia dukani Nairobi au Dar ukasema unataka GPS, mara nyingi utaletewa kile kidude kinachofungwa kwenye gari au pikipiki ili mwenye mali aifuatilie. Kile kina laini ya simu na kinatuma habari. Hiki chetu hakitumi chochote. Kinasikiliza tu setilaiti zilizo kimo cha kilomita 20,200 hivi, kinapiga hesabu, kisha kinakuonyesha ulipo. Hakitaki laini wala bando. Na kwa sababu hakitumi, hakuna mtu atakayejua ulipo eti kwa vile umekishika. Ukiteguka mguu utahitaji simu yenye mtandao, filimbi, au kifaa cha kutuma ujumbe kwa setilaiti, ambacho kina ada yake.

Sasa najua kuna mtu ameshaanza kuandika: mbona simu yangu inafanya hayo yote? Kweli inafanya. Pakua Organic Maps au OsmAnd, shusha ramani ya Kenya au Tanzania ukiwa bado kwenye Wi-Fi, zima data, na simu itakuonyesha njia bila mtandao wowote. Kwa matembezi ya asubuhi moja Ngong au kuzunguka ukingo wa Longonot, sikushauri utoe hela kununua kifaa kingine. Mambo hubadilika ukienda siku nne Mlima Kenya. Mvua ikinyesha skrini ya simu inajibonyeza yenyewe, baridi inamaliza chaji, glavu hazifanyi kazi, na simu hiyo hiyo ndiyo unayoitegemea kupiga ikitokea dharura. Mimi nataka dharura inikute simu ikiwa na chaji.

Haya, tuje kwenye kuchagua. Usianze na ukubwa wa skrini. Anza na vitufe: vaa glavu, au chovya vidole kwenye maji, ujaribu kuandika herufi tatu. Halafu angalia betri. Vifaa kama Garmin eTrex 22x hutumia betri mbili za AA na mtengenezaji anasema hudumu kama saa 25. eTrex SE, iliyotoka 2023, kwa betri mbili hizo hizo anaihesabia saa 168. Betri za AA utazipata Nanyuki, utazipata Moshi, hata kwenye kiosk kando ya lango la hifadhi. Kifaa cha kuchajiwa kwa waya ni kizuri pia, ila lazima ubebe pawabenki.

Cha tatu ni dira, na hapa wauzaji huwa hawasemi. eTrex 22x haina dira ya sumaku, 32x inayo. Tazama tofauti. Hii isiyo na dira, nikisimama tuli na kujizungusha, mshale haujui nimegeuka. Nikianza kutembea, baada ya hatua chache unajirekebisha. Kwa anayefuata njia mlimani hilo si tatizo. Kwa anayetafuta kasha ni kero, maana kasha hutafutwa kwa kusimamasimama na kugeukageuka.

Mengine nayapitia haraka. Kifaa kinachopokea setilaiti za GPS za Marekani pamoja na Galileo za Ulaya au GLONASS za Urusi hupata mahali upesi kuliko cha GPS pekee. Vinavyopokea masafa mawili, kama GPSMAP 65 ya Garmin, hufanya vizuri zaidi kwenye msitu na makorongo. Bei yake nayo inapanda, na kwa anayeanza si lazima.

Wengi wetu tutanunua ya mitumba, ambayo ilikuwa ya mradi fulani au ya mpima ardhi. Fungua mlango wa betri uangalie zile springi: ukiona unga mweupe au wa kijani, betri zilivujia humo. Bonyeza kila kitufe. Angalia raba inayofunika tundu la USB, kwa sababu ikiwa imechanika maji yataingilia hapo. Kisha mwambie muuzaji mtoke wote nje, ukiwashe, na usubiri. Ndani ya duka chini ya mabati hutajua lolote. Usiwe na haraka: kifaa kilicholala muda mrefu hupakua upya orodha ya setilaiti zote, na orodha hiyo hutumwa angani kwa dakika 12 na nusu. Kikishapata mahali, tazama tarehe. Hesabu ya wiki za GPS ilirudi sifuri Aprili 2019, na vifaa vingine vya zamani tangu hapo vinaonyesha tarehe ya karibu miaka ishirini nyuma. Mahali kinaweza kukuonyesha sawasawa, lakini kumbukumbu zako zote zitakuwa na tarehe ya uongo, kwa hiyo omba bei ishuke.

Sasa mipangilio. Nakunjua ramani.

Hii ni ramani ya Survey of Kenya, skeli ya 1:50,000. Soma maandishi madogo pembezoni: Arc 1960. Hiyo ndiyo datumu, yaani umbo la dunia ambalo wachoraji walilitumia kupimia. GPS yako ikitoka kiwandani huwa kwenye datumu nyingine, WGS 84. Ukisoma tarakimu kwenye kifaa na kuzitafuta moja kwa moja kwenye karatasi hii, utakosea kwa takriban mita 300. Kwenye karatasi ni milimita sita, unaweza kuona si neno. Kule juu, ukungu ukishuka, mita 300 ni bonde jingine kabisa. Ramani za zamani za Tanzania nazo ni Arc 1960, kwa hiyo hili linawahusu nanyi mnaotazama mkiwa Arusha.

Dawa yake ni hii. Ingia Setup, kisha Position Format. Kwenye mstari wa kwanza chagua UTM, mfumo wa kutaja mahali kwa gridi ya miraba, kwa sababu ramani hii ina miraba ya kilomita moja moja na UTM inasoma mita. Chini yake kuna Map Datum: teremka hadi ARC 1960, chagua. Rudi nyuma. Tazama tarakimu zilivyobadilika, na mimi sijanyanyua mguu. Sasa karatasi na kifaa vinaongea lugha moja. Mlima Kenya utaona umeandikiwa 37M, ndiyo kanda yake ya UTM. Ukivuka Ikweta kuelekea kaskazini, M inageuka N, usishtuke.

Kwa makasha ni kinyume chake. Majiranukta ya makasha, yaani tarakimu za mahali yalipo, hutolewa kwa WGS 84, kwa digrii, dakika na sehemu za elfu za dakika. Kwa hiyo ukimaliza kazi ya ramani, rudisha Map Datum kuwa WGS 84 na Position Format kuwa ile ya hddd°mm.mmm'. Tuandike tarakimu za mfano tu, S 01° 24.000' E 036° 38.000'. Hapo ni vilima vya Ngong. Mtu akiisoma hiyo kama 1.24 ya digrii, amejipeleka karibu kilomita 18 kutoka hapo, kwa sababu dakika 24 ni digrii 0.4, si 0.24. Na angalia herufi ya kwanza. Sisi tunaishi juu ya Ikweta, S ya kusini na N ya kaskazini zote ni kwetu, kifaa hakitakushuku. Weka N badala ya S kwenye tarakimu hizi na mshale utakuelekeza kaskazini ya Maralal, zaidi ya kilomita 300. Anayetembea Uswisi hana shida hii.

Bado mambo mawili. Kwenye Setup, System, kuna aina ya betri. Ukiweka za kuchaji na kifaa kinadhani ni za alkali, picha ya betri itakudanganya. Kwa vilele kama Lenana au Uhuru beba za lithiamu, kwani za alkali hulegea kwenye baridi. La pili ni ramani ya ndani. Ile inayokuja na baadhi ya vifaa ni mistari michache ya barabara kuu. Pakua ya OpenStreetMap iliyotengenezwa kwa Garmin, ni bure. Ni faili lenye kiishio cha .img, unaliweka kwenye folda iitwayo Garmin ndani ya kadi ya kumbukumbu, basi. Mikono ya waliochora njia za Sirimon na Chogoria za Mlima Kenya utaiona humo.

Tutoke nje.

Washa kifaa kabla hujafunga kamba za viatu. Fungua ukurasa wa setilaiti: milia mitupu ina maana kifaa kimesikia setilaiti ila bado kinapokea data, milia iliyojaa ina maana inatumika. Kushika nako kuna namna. eTrex ilaze kiganjani uso ukitazama juu. GPSMAP yenye ile pembe juu yake isimamishe wima. Ukiitia mfuko wa nyuma wa suruali umeifunika kwa mwili wako mwenyewe.

Hapa langoni, kabla ya hatua ya kwanza, bonyeza Mark Waypoint, andika LANGO, hifadhi. Kisha hakikisha Track Log, yaani kumbukumbu ya njia unayopita, iko kwenye Record, Show on Map. Njiani weka alama kwenye kila njia panda ambayo ukirudi itakuchanganya, na kila penye maji. Usiweke kila jiwe, la sivyo skrini itajaa bendera usione njia. Kurudi, fungua Track Manager, chagua safari ya leo, TracBack, na kifaa kitakurudisha ulikopita. Usichague tu kwenda LANGO. Mshale wa kwenda alama ni mstari ulionyooka, haujui korongo wala mbigili, na umbali wa mita 800 ulioandikwa pale unaweza kuwa saa nzima ya kushuka na kupanda. Angalia pia saa ya kuzama jua. Kwetu giza huingia upesi, saa moja usiku huoni unyayo wako.

Sasa kasha. Mchezo huu wa kusaka makasha, jiokashingi, ulianza Mei 3, 2000, siku moja baada ya Marekani kuondoa ule mvurugo iliokuwa ikiutia makusudi kwenye mawimbi ya GPS za raia. Dave Ulmer alificha ndoo ya plastiki karibu na Beavercreek, Oregon, ndani yake mkiwa na vitabu, manati na kopo la maharage, akatangaza tarakimu. Huku kwetu makasha ni machache, kwa hiyo njia nzuri ya kujifunza ni rafiki akufichie: chombo kisichopitisha maji, daftari dogo, kalamu ya risasi. Chakula usitie, nyani hawasubiri tarakimu.

Anayeficha asichukue kipimo kimoja akaondoka. Tumia Waypoint Averaging, kiache kifaa kipime, kisha rudi baada ya dakika 90 au zaidi upime tena, kwani setilaiti zitakuwa zimesogea.

Anayetafuta, fuata mshale hadi mita kumi hivi, halafu acha kuutazama. Mahali peupe kifaa kinakosea mita tatu hadi tano, chini ya miti mikubwa zaidi ya hapo, na aliyeficha naye alikosea zake. Kwenye korongo jembamba kama lile la Hell's Gate mawimbi hugonga kuta za mwamba kabla ya kukufikia, mshale unacheza kama umelewa. Kwa hiyo simama, uliza macho. Jiwe lililoegemezwa? Majani makavu yaliyorundikwa penye upepo? Mimi ningeficha wapi? Ukilipata, andika jina na tarehe kwenye daftari. Ukichukua kitu acha chenye thamani sawa au zaidi, funga vizuri, rudisha ulipolikuta.

Na uombe ruhusa. Ngong ongea na askari wa misitu wa KFS langoni; mtu anayepekua vichaka chini ya mitambo ya upepo huku ameshika kidude chenye skrini ataulizwa maswali, na ana haki ya kuulizwa. Ndani ya hifadhi za taifa usiache chombo chochote bila idhini. Kuna makasha ya aina ya EarthCache, yaliyoanza 2004, ambayo hayana chombo: unafika, unatazama mwamba au kreta, unajibu maswali ya jiolojia. Longonot imekaa tayari kwa mchezo huo.

Ukifika nyumbani, chomeka waya, nakili faili la GPX la safari kwenye kompyuta, lipe jina lenye tarehe na mahali. Futa alama za mazoezi. Kisha toa betri kabla hujakiweka kabatini, usije ukawa ndiwe muuzaji mwenye springi za kijani.