Bidoni Tatu za Maji: Tufue Nini Goma, na Mara Ngapi?

Wamama, wababa, vijana, karibuni. Wengi mmeuliza nguo zifuliwe mara ngapi kwa wiki. Msitazame kalenda, tazameni jasho. Chupi, soksi na kila kinachobana kwapa kivaliwe siku moja tu. Shati jeupe la shule vilevile, maana kola haisubiri. Taulo likitumika mara tatu au nne linatosha, shuka na foronya kila wiki. Jinzi, sweta na koti? Kung'uta, anika penye hewa, vaa tena. Maji ya kununua yasiishie kwenye koti.

Vumbi letu ni lava iliyosagwa na magari na chukudu, yale magari ya mbao ya magurudumu mawili ya kubebea mizigo. Chembe zake ni ngumu, zina ncha. Ukilowesha nguo yenye vumbi na kuisugua, chembe hizo zinakata nyuzi. Magoti yanachakaa mapema, na lawama zote anabebeshwa muuza sabuni! Kung'uta nguo ikiwa kavu, mifuko imepinduliwa nje, ndipo uiloweshe.

Maji ya Ziwa Kivu yana magneziamu nyingi. Sabuni ya kipande inachelewa kutoa povu humo na inaacha utando wa kijivu kwenye nguo. Ukiongeza sabuni, utando nao unaongezeka. Kwa maji ya ziwa tumia sabuni ya unga. Ya kipande ingoje maji ya mvua, ila acha kwanza mvua isafishe bati kabla ya kukinga.

Tuseme una bidoni tatu, yaani lita 60. Lita 10 kwenye beseni, vijiko viwili vya supu vya sabuni ya unga, nusu saa ya kulowesha. Usilaze nguo majini usiku kucha, zitanuka. Anza na nyeupe, fuata za rangi, malizia na nyeusi katika maji yaleyale. Suuza mara mbili. Maji ya suuzo la mwisho yaanzie mzigo unaofuata. Kikwembe (kitenge) kipya kifuliwe peke yake kwa maji baridi mpaka kiache kutoa rangi.

Javeli, yaani dawa ya klorini ya kung'arisha nguo, ni ya pamba nyeupe tu. Sufu na mpira wa kiunoni inaviharibu. Isikutane kamwe na siki wala ndimu, na nepi yenye mkojo isuuzwe kwanza, kwa sababu mchanganyiko huo unatoa hewa ya sumu inayochoma mapafu.

Chandarua chenye dawa ndicho kinachoharibiwa kwa usafi uliopita kiasi. Kimetengenezwa kuvumilia kufuliwa mara 20 hivi, basi kifuliwe kikichafuka tu, wala si zaidi ya mara moja kwa miezi mitatu. Maji baridi, sabuni laini, bila javeli, bila kukipiga kwenye mawe. Kianikwe kivulini, jua linamaliza dawa. Na msikipeleke ziwani: dawa ile inaua samaki. Maji yake yamwagwe chooni au kwenye shimo, mbali na mnapochota.